Kugeuza Diski za Mashine Pepe: Madai Sita Yanayohatarisha Data

Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, na mwezi uliofuata ikatangaza kwamba leseni za kudumu haziuzwi tena. Anayetaka kuendelea alipie kwa mkataba wa muda. Tangu hapo mafundi wengi wa seva wamekuwa wakihamisha mashine pepe kwenda Proxmox, Hyper-V na kwingineko. Kila jukwaa lina fomati yake ya diski: VMware ina VMDK, Hyper-V ina VHDX, VirtualBox ina VDI, na QEMU, ambayo ndiyo injini ya Proxmox, hutumia QCOW2 au raw. Ushauri wa jinsi ya kutoka fomati moja kwenda nyingine umejaa kila mahali, na sehemu yake ni ya hatari. Diski hizi zimebeba hesabu za maduka, kumbukumbu za wagonjwa na matokeo ya wanafunzi. Haifai kuziendea kwa maneno ya kusikia.

Dai la kwanza: badilisha mwisho wa jina la faili, inatosha. Haitoshi. Fomati imo ndani ya faili. QCOW2 huanza na herufi QFI, VHDX huanza na neno vhdxfile, na baada ya hapo kila moja hupanga data kwa utaratibu wake. Kubandika lebo ya maziwa kwenye dumu la mafuta ya taa hakuyafanyi yanyweke. Amri ya qemu-img info itakuonyesha faili ni la fomati gani hasa, haijalishi linaitwaje. Zaidi ya hayo, diski moja ya ESXi, mfumo wa seva wa VMware, kwa kawaida huwa na mafaili mawili: seva.vmdk, ambalo ni mistari michache tu ya maandishi inayoeleza ukubwa na aina ya diski, na seva-flat.vmdk, lenye data yenyewe. Anayenakili la kwanza peke yake amebeba maelezo na kuiacha mali. Dai hili linakaribia ukweli mahali pamoja tu: faili la -flat ni data ghafi, hivyo husomeka kama raw.

Dai la pili: kila ukigeuza, data hupungua ubora. Hili limetoka kwenye muziki na picha, ambako kubana faili huweza kupoteza kitu. Diski haiko hivyo. Kugeuza ni kusoma kila sekta na kuiandika upya katika mpangilio mwingine. Faili jipya linaweza kuwa dogo kwa sababu nafasi zenye sifuri tupu haziandikwi, lakini mashine iliyo ndani inaona diski ile ile. Usiniamini kwa maneno: endesha qemu-img compare kati ya diski ya zamani na mpya. Zikilingana, itakuambia hivyo waziwazi.

Dai la tatu: tafuta faili kubwa la VMDK, ligeuze, basi. Hapa ndipo watu wanapopoteza kazi ya miezi. Mashine ya VMware ikiwa na snapshoti, yaani hali yake iliyohifadhiwa ya wakati fulani, diski ya msingi huacha kuandikwa. Mabadiliko yote huingia kwenye faili la pembeni, lenye jina kama seva-000001.vmdk. Ukigeuza faili la msingi, utapata mashine kama ilivyokuwa siku snapshoti ilipochukuliwa. Itawaka vizuri, watumiaji wataingia, na hakuna onyo lolote litakalotokea. Siku atakapotafutwa mteja wa wiki iliyopita ndipo itakapojulikana. Kwa hiyo futa snapshoti zote kabla ya kuanza, kupitia VMware yenyewe. Usiogope: kufuta snapshoti kwa njia hiyo huunganisha mabadiliko na diski ya msingi, hakuyatupi. Kinachoharibu ni kuyafuta mafaili hayo kwa mkono.

Dai la nne: hakuna haja ya kuzima mashine. Ukisoma faili la diski huku mashine inaandika, mwanzo wa nakala utakuwa wa saa nne na mwisho wake wa saa tano. Hifadhidata haivumilii hilo. Zipo zana zinazohamisha mashine inayowaka, lakini zimeundwa kwa kazi hiyo na hufuatilia mabadiliko yanayoendelea. Amri ya kugeuza faili haifanyi hivyo. Izime mashine, na uizime kwa utaratibu. Windows iliyolala badala ya kuzimwa huleta matatizo upande wa pili.

Dai la tano: diski ikishageuzwa, kuhama kumekwisha. Kumeanza tu. Diski haibebi mipangilio ya mashine. Kama ilikuwa inawaka kwa UEFI, mashine mpya nayo iwekwe UEFI, vinginevyo haitawaka. Windows isiyo na draiva za virtio, yaani za vifaa pepe vya QEMU, ikiunganishwa na diski ya virtio, hukwama kwenye skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Wengi wakiiona hudhani faili limeharibika, wanarudia kugeuza usiku kucha bure. Dawa yake: iwashe kwanza kwa diski ya SATA, ongeza diski ndogo ya pili ya virtio, weka draiva, zima, kisha hamishia diski kuu kwenye virtio. Kwa Linux, angalia mtandao: kadi iliyoitwa ens192 kwenye VMware huweza kuitwa ens18 kwenye Proxmox, na mipangilio iliyotaja jina la zamani haitafanya kazi. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, sitisha ulinzi huo na uwe na ufunguo wa dharura mkononi kabla ya kuhama.

Dai la sita: lazima ununue programu. Hapana. Kazi hii hufanywa kwa mstari mmoja:

qemu-img convert -p -f vmdk -O qcow2 seva.vmdk seva.qcow2

QEMU ni ya bure, na programu hiyo hiyo husoma VHDX, VDI na hata VHD ya zamani, ambayo yenyewe huiita vpc. Tangu 2024 Proxmox pia ina njia ya kuvuta mashine moja kwa moja kutoka ESXi. Ukiwa na mamia ya mashine, zana ya kulipia inaweza kukuokolea muda. Ukiwa na tano, fedha hizo nunulia diski ya akiba.

Maana akiba ndiyo inayokulinda. Usifute chanzo kwa sababu mashine mpya imewaka. Kwanza mwenye mfumo aingie, atafute rekodi ya siku ya mwisho kabla ya kuhama, achape ripoti, na bakapu ya kwanza katika makao mapya ikamilike na ijaribiwe kurejeshwa. Hayo yakitimia, futa. Kabla ya hapo, acha diski ya zamani ilipo.