Besi Kubwa Katika Kasha Dogo

Mnunuzi wa spika mjini Kakonko, sawa na mwenzake wa Kibondo au Kasulu, huvutwa na besi nzito na wati nyingi zilizoandikwa juu ya kasha dogo. Maandishi hayo yasiaminiwe upesi. Kila mitetemo inapopungua kwa nusu, koni ya spika sharti isogee mara nne ya awali ili sauti isififie. Na hewa iliyofungwa katika kasha dogo huizuia kama springi ngumu.

Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani aliigeuza springi hiyo kuwa msaada: aliilegeza koni, akaiachia hewa kazi ya kuirudisha. Besi ilipatikana, lakini kwa umeme mwingi zaidi. Mwenye betri ndogo ya umeme wa jua huilipa gharama hiyo taa izimikapo mapema.

Makasha mengine hutobolewa tundu, nayo hewa ya tunduni hutetema kama ya shingo ya kibuyu kinachopulizwa. Basi mwalimu wa fizikia asingojee maabara. Spika mbovu na kibuyu vyatosha. Mwanafunzi akimimina maji kibuyuni kidogo kidogo, atausikia mlio ukipanda kadiri nafasi ya hewa inavyopungua.