Goma: Ventilateri ya ordinateri isinyamazishwe ovyo

Katika sekretariati za Goma, ambako wanafunzi wanachapisha kazi zao za mwisho wa masomo, ordinateri za mitumba zinanguruma tangu asubuhi. Wateja wanalalamika, na mafundi wengine wamepata dawa ya haraka: kuweka programu inayopunguza mwendo wa ventilateri, au hata kuchomoa waya wake. Kelele inaisha. Lakini ugonjwa unabaki ndani.

Ventilateri haipigi kelele bure. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na vumbi lake jeusi linapenya hata nyumba iliyofungwa madirisha. Linaziba mapezi ya chuma yanayotoa joto la prosesa. Hewa ikikosa njia, ventilateri inalazimika kukimbia. Tena mji uko karibu mita 1500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, inabeba joto kidogo kuliko hewa ya Matadi.

Prosesa nyingi zinajilinda: joto likikaribia digrii 100, zinapunguza kasi ya kazi, na likizidi mashine inajizima. Mwanafunzi ambaye hakuhifadhi kurasa zake anazipoteza, na pesa ya kuchapa ameshalipa.

Kupunguza mwendo si kosa, mradi usafi utangulie. Mashine izimwe, ichomolewe kwenye umeme, vumbi litolewe kwa brashi. Wakati wa kupuliza, mapanga ya ventilateri yashikwe yasizunguke. Pasta iliyokauka juu ya prosesa ibadilishwe. Mara nyingi kelele inaishia hapo, bila programu yoyote.

Ikibaki, mwendo upangwe ndani ya BIOS, ili upande na kushuka pamoja na joto. Programu inayoshikilia mwendo mmoja ni hatari: ikikwama, ventilateri inaweza kubaki palepale huku joto likipanda. Wala kiwango cha chini kisishushwe mno, maana ventilateri inahitaji nguvu nyingi zaidi kuanza kuzunguka kuliko kuendelea. Kisha mashine ipewe kazi nzito kwa nusu saa, joto likiangaliwa. Likipita digrii 85, mwendo uongezwe.

Fundi anayerudisha mashine iliyonyamaza bila kuonyesha digrii hizo hajamaliza kazi. Mteja ana haki ya kuziona kabla ya kutoa franka zake.