Shule Inaishia Getini

Nilikuwa Kidato cha Tatu, likizo ya Agosti, niko kwetu na simu ya mathe. Nikaandika Facebook kwamba githeri ya shule yetu ina wadudu kuliko maharagwe. Basi.

Shule ilipofunguliwa nikaitwa ofisini. Hakuna aliyeniuliza kama ni kweli. Waliuliza nani amenituma. Wiki mbili nyumbani, nirudi na mzazi, na barua ya kuomba msamaha niisome paredi. Kosa: kuchafua jina la shule. Aliyepika hakuitwa popote.

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Hakisemi kila mtu aliyemaliza Kidato cha Nne. Kinakataza uchochezi wa vurugu, propaganda ya vita, matamshi ya chuki. Ndiyo, kinataka pia tuheshimu sifa za wengine, lakini sifa ya githeri haikuharibiwa na mimi.

Marekani mambo haya yalifika Mahakama ya Juu, kesi ya Mahanoy, 2021. Msichana wa Pennsylvania alikosa nafasi kwenye timu kuu ya washangiliaji. Jumamosi, akiwa dukani, akaitukana shule na timu kwenye Snapchat, na matusi yenyewe si ya kurudia mbele ya nyanyako. Shule ikamtoa timu ya wadogo mwaka mzima. Majaji 8 kwa 1 wakasema shule ilikosea. Jaji Breyer alipiga hesabu rahisi: jumlisha saa za shule na saa za nje, unapata 24. Shule ikizishika zote, mtoto atasemea wapi?

Walimu watasema, na wanaoonea wenzao mitandaoni je? Hapo niko nao. Ukimtukana deski-meti usiku kwenye WhatsApp, asubuhi anaingia darasani na hayo matusi. Mahakama ile pia iliacha mlango huo wazi, pamoja na vitisho kwa walimu. Lakini mwalimu mkuu kuaibika si kitisho. Mkituadhibu kwa tulichosema sebuleni kwetu, msiite nidhamu. Ni woga.

Mathe alikaa kwenye benchi nje ya ofisi kuanzia saa mbili asubuhi. Aliomba msamaha akiwa amesimama. Mimi nikasoma barua yangu. Saa saba kengele ikalia, tukapanga laini ya githeri.