Dume wa mbegu mpakani: kichwa kimoja, hatari ya kilima kizima

Katika milima ya Ryansoro, mkoani Gitega, ufugaji umebadilika kwa namna ambayo wafanyabiashara wa mifugo wa Muyinga, Ngara na Kigoma hawana budi kuitazama kwa makini. Zamani ng'ombe na mbuzi walikutana malishoni na mimba zikapatikana bila mtu kupanga. Sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutekelezwa Oktoba 2021, inataka mifugo ya Burundi ifugwe zizini na inakataza kuiacha irande ovyo. Leo jike amefungwa kwa mwenyewe na dume amefungwa kwa jirani. Ili mimba ipatikane, lazima mmoja apelekwe kwa mwenzake, au aitwe mhimilishaji.

Mabadiliko hayo yamempa dume thamani mpya. Mwenye fahali au beberu mzuri hufuatwa na majirani, na huenda akalipwa kwa kila jike anayepandwa. Mwenye mitamba miwili mitatu haoni faida ya kulisha fahali mwaka mzima, hivyo dume mmoja huhudumia nyumba nyingi. Wanaotafuta damu mpya hutazama nje ya kilima, na wakati mwingine nje ya nchi. Hapo ndipo mfanyabiashara anapoingia.

Ni fursa ya kweli, lakini ina hatari ambayo wengi hawaihesabu. Ng'ombe wa nyama huvuka mpaka na baada ya siku chache yuko buchani. Dume wa mbegu huvuka na kuanza kazi. Akiwa na ugonjwa wa uzazi, atauingiza katika kila zizi analoitwa, na lawama itarudi kwa aliyemleta.

Somo kutoka kwa farasi

Burundi haina desturi ya kufuga farasi, lakini waliofanya biashara ya farasi dume wa damu safi walikwisha kuipata hasara hii, na namna walivyojikinga inatufaa sisi.

Mwaka 1977, huko Newmarket, mji wa Uingereza unaosifika kwa farasi wa mbio, majike walianza kutokwa na uchafu na kushindwa kushika mimba msimu mzima. Madume waliowapanda walikuwa wazima machoni: wanakula, wanakimbia, hawana homa. Uchunguzi ulionyesha kuwa bakteria walijificha katika mikunjo ya uume wa dume bila kumdhuru yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata ugonjwa huohuo ulizuka Kentucky, Marekani, baada ya kuingizwa farasi dume kutoka Ufaransa. Farasi wa Kentucky wakawekewa vizuizi, na biashara iliyotegemea msimu mmoja wa kupandisha ikayumba.

Karibu na kwetu, Ethiopia, yenye farasi wengi kuliko nchi nyingine za Afrika Mashariki, inasumbuliwa na durini. Huu ni ugonjwa wa jamii ya ndorobo, lakini hauhitaji mbung'o. Huambukizwa kwa kupandana. Nchi nyingi za Ulaya ziliutokomeza kwa kupima damu na kuwaondoa wenye vimelea, bila kutegemea dawa wala chanjo.

Wafugaji wa farasi wa mbio wana sababu nyingine ya kuwa makini. Kanuni zao za usajili hukataa mtoto aliyepatikana kwa uhimilishaji; ni lazima dume ampande jike. Kwa kuwa njia hiyo ya mkato imefungwa, wamejizoeza kuwapima madume na majike kabla ya msimu, na kila farasi ana hati yake yenye alama zake na chanjo zake. Mnunuzi wa dume anamlipia mnyama pamoja na karatasi zake. Bila karatasi hizo, bei inaanguka.

Fahali haumwi, hasara anaibeba mwenye jike

Ng'ombe wana magonjwa yanayofanana na ule wa Newmarket. Mawili makubwa ni trikomonasi na kampilobakta ya uzazi. Fahali huyabeba bila dalili yoyote, na ukimtazama mnadani utamsifu. Dalili huonekana kwa majike baadaye: anayepandwa anarudi kwenye joto tena na tena, mimba changa zinatoka bila mwenyewe kujua, na muda kati ya ndama mmoja na mwingine unarefuka. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja hupoteza maziwa ya miezi mingi bila kujua aliyemletea hasara.

Umri una maana kubwa hapa. Fahali mkongwe aliyepanda majike wengi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba vimelea hivyo kuliko kijana ambaye hajaanza kazi. Ndiyo maana bei rahisi ya fahali "mwenye uzoefu" inastahili swali: kwa nini mwenyewe anamuuza? Huenda sababu ni njema, kwa mfano mabinti zake wamefikia umri wa kupandwa na mwenyewe hataki baba akutane nao. Huenda pia majike wa kule wameacha kushika mimba.

Brusela ina njia yake. Kwa ng'ombe huenea zaidi kwa kondo na maji ya jike aliyetupa mimba kuliko kwa kupandwa, lakini dume mwenye brusela huweza kuvimba korodani na kupoteza uwezo wa kuzalisha. Ugonjwa huu humfikia pia binadamu, hasa kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kushika kondo mikono mitupu. Kwa mbuzi kuna sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo huenea kwa pumzi na mate. Beberu akisimama sokoni saa chache karibu na mgonjwa anaweza kuingia nayo katika zizi la mteja.

Uhimilishaji hupunguza hatari hizi, kwa kuwa vituo vya taifa, kama kile cha Usa River karibu na Arusha na cha Kabete nchini Kenya, hukusanya mbegu kwa mafahali waliochaguliwa na kupimwa. Lakini mbegu hutunzwa katika naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na joto la ng'ombe hupita kwa nusu siku hivi. Katika milima yenye njia mbovu, mhimilishaji huweza kufika wakati umekwisha. Dume ataendelea kuhitajika, na biashara yake itaendelea.

Soko likifungwa

Hasara ya mfugaji humfikia mfanyabiashara haraka. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 sotoka ya mbuzi ilizuka Burundi na kuua maelfu ya mbuzi. Mwaka 2022 ikaja homa ya Bonde la Ufa, inayotupisha mimba za mifugo na kuweza kuua watu, na serikali ikasimamisha biashara ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Homa hiyo huletwa zaidi na mbu, na haina uhusiano na dume fulani. Lakini kufungwa kwa soko hakumtazami aliyekuwa na karatasi safi wala asiyekuwa nazo. Wote hulala njaa. Tangu Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, njia ya Kobero na Kabanga, kati ya Muyinga na Ngara, imezidi kuwa na uzito, na soko likifungwa huko nafasi ya kukimbilia ni ndogo.

Kuna pia kutoelewana kuhusu nyaraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, ambapo mzigo wa bidhaa zilizoorodheshwa usiozidi dola 2,000 hupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Cheti hicho kinahusu ushuru tu. Hakifuti kibali cha kusafirisha mifugo wala cheti cha afya cha daktari wa serikali. Anayepita njia ya panya huokoa siku moja, kisha anamuuza dume asiyeweza kuthibitisha alikotoka. Kwa mnyama wa nyama hilo ni kosa la sheria. Kwa dume wa mbegu ni kosa la sheria na pia ni kujipunguzia bei.

Cha kufanya

Mfanyabiashara anayetaka kudumu katika kazi hii amnunue dume kijana ambaye hajapanda, au adai vipimo. Kwa trikomonasi kipimo kimoja hakitoshi. Hurudiwa kwa wiki kadhaa, na akipatikana nayo huondolewa kwenye uzazi. Daktari ashike korodani zote mbili na kuona kama zinalingana na hazina uvimbe. Dume atengwe siku 21 kabla ya kuchanganyika na wengine, kwa gharama iliyokwisha kuingizwa katika bei. Na muuzaji aandike alama za mnyama, alikotoka, chanjo na tarehe, nakala moja abaki nayo.

Upande wa serikali, nchi za Jumuiya zingefaa kukubaliana juu ya cheti kimoja cha dume wa mbegu, tofauti na kile cha mnyama wa kuchinjwa, kitakachotambuliwa Kabanga na Kobero bila mnyama kupimwa upya kila upande. Hatari za mlaji nyama na za mfugaji wa mbegu hazilingani.

Mfugaji wa Ryansoro anayemleta mtamba wake kwa dume wa jirani haulizi mengi. Anaamini kwamba aliyemvusha mpaka aliuliza kwa niaba yake. Mfanyabiashara mwenye majibu kwenye karatasi atauza kwa bei nzuri leo, na mwakani ataagizwa mwingine.