Aliyewekewa utepe apewe kadi yake

NENO LA ALHAMISI
Na Zainabu Mkwizu

Mwanamke anacheka, anapiga chafya au anajitwika ndoo, na mkojo unamponyoka. Wengi hawalisemi hilo hata kwa dada zao. Wamejifunza kuishi nalo: kipande cha kanga kuukuu ndani ya chupi, safari ya basi bila kugusa maji tangu jana usiku, siti ya karibu na mlango. Wanamwendea daktari baada ya miaka ya kuvumilia, na wakishafika watakubali lolote watakaloambiwa. Hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi.

Mwaka 1996 Profesa Ulf Ulmsten wa Sweden na wenzake walichapisha maelezo ya upasuaji uliokuja kuenea duniani. Utepe wa wavu wa plastiki, upana wake kama sentimita moja, unapitishwa chini ya mrija wa mkojo ili uutegemeze mtu anapokohoa au kunyanyua mzigo. Kazi yenyewe ni ya nusu saa hivi, kwa ganzi ya sehemu tu, na mgonjwa anaweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo ilibidi apasuliwe tumbo na kulazwa siku kadhaa.

Na utepe unafanya kazi, tusidanganyane. Wanawake 90 wa kwanza wa nchi za Nordic walifuatiliwa kwa miaka 17, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopimwa tena mwishoni hawakuvuja. Kwa aliyezoea kulala juu ya mpira, hiyo si habari ndogo.

Lakini plastiki hiyo ni polipropilini, ile ile inayofumiwa viroba vya sukari. Nyama ya mwili inaota kupitia matundu ya wavu na kuushika. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo balaa yake pale mambo yanapoharibika. Kwa baadhi ya wanawake utepe umekata ukuta wa uke na kujitokeza, maumivu ya kinena hayaishi, tendo la ndoa limekuwa mateso, na wapo waume waliochomwa nao. Kuutoa ni kama kung'oa nondo kwenye zege lililokwisha kukauka: vipande vingine vinabaki, na kinachozunguka kinaharibika.

Tazama sasa ulivyoingia sokoni Marekani. Sheria ya huko iliruhusu kifaa kipya kipite kikionekana kufanana vya kutosha na kilichokwisha kuruhusiwa. Utepe wa Ulmsten ulipitishwa mwaka 1998 kwa kufananishwa na kingine kiitwacho ProteGen, ambacho mwaka uliofuata kiliondolewa sokoni kwa kuwadhuru wanawake. Babu kafukuzwa, wajukuu wakaendelea kuuzwa.

Uingereza ilisitisha matumizi ya kawaida ya tepe hizi mwaka 2018. Miaka miwili baadaye tume ya Baroness Julia Cumberlege, iliyochunguza pia suala hili, ikatoa ripoti yake. Kilichonishtua humo kuliko majeraha ni kwamba taifa lenye huduma ya afya moja, na faili la kila mgonjwa, halikuweza kusema ni wanawake wangapi waliowekewa nyavu hizo, wala wangapi ziliwadhuru. Waliolalamika waliambiwa ni mawazo tu, au ni umri wa kukoma hedhi. Uskoti ililazimika kutunga sheria mwaka 2022 ili kuwarudishia gharama waliojilipia kuzitoa hospitali binafsi, wengine hadi Marekani.

Wanaume nao wana chao. Aliyeondolewa tezi dume akabaki akivuja anaweza kuwekewa mkanda wa maji unaobana mrija wa mkojo, na pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani. Akitaka kukojoa anaibonyeza, mkanda unalegea, kisha baada ya dakika chache unajaa wenyewe. Huyo angalau anajua alichonacho mwilini, maana anakishika kila siku. Mwenye utepe haugusi wala hauoni.

Kwetu kuna kundi ambalo daktari asilikimbilie na plastiki: waliotibiwa fistula. Tundu linaweza kuzibwa vizuri na mama bado akavuja, kwa sababu mrija wenyewe umeumia. Kwenye makovu yale wavu hujitokeza kwa urahisi zaidi, ndiyo maana mabingwa wa fistula hupendelea kutengeneza utepe kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe.

Sisemi tepe zipigwe marufuku. Kwanza mama apewe mazoezi ya misuli ya nyonga, chini ya mtu anayeyajua, kwa miezi mitatu kamili. Ndivyo mwongozo wa Uingereza unavyotaka, na hayahitaji kisu. Aulizwe pia anavuja vipi, maana utepe haumtibu anayebanwa ghafla akashindwa kufika chooni. Akiamua kupasuliwa, aondoke na kadi: aina ya kifaa, kampuni, namba ya toleo, tarehe, jina la mpasuaji. Nakala ibaki kwenye daftari la taifa, si kwenye kabati la daktari atakayehamia mkoa mwingine. Pakiti ya utepe huja na stika zenye namba hizo tayari. Muuguzi abandue moja aibandike kwenye kadi ya mgonjwa kabla hajatoka wodini.