Nyoka Mla-mayai na Uhaba wa Majina

Katika mashamba ya Nakuru na Naivasha, mayai yakipotea bandani, hukumu hupitishwa upesi: nyoka atakayeonekana kwanza huuawa. Si ajabu anayeuawa akawa nyoka mla-mayai, ilhali aliyemeza vifaranga ni swila.

Mla-mayai hana sumu, na meno yake ni madogo mno. Hali panya wala kifaranga. Chakula chake ni mayai ya ndege tu. Humeza yai zima, kisha miiba ya uti wa mgongo iliyochomoza kooni hulipasua. Ute na kiini hushuka, ganda hutemwa. Msimu ambao ndege hawatagi, hufunga, na saumu hiyo si ya hiari. Hata anayefugwa (kwa leseni, kama itakavyo Sheria ya Wanyamapori ya 2013) hufa njaa akipewa panya badala ya yai la kware. Kinachomponza ni mavazi yake: madoa kama ya nyoka wenye sumu, na magamba anayoyasugua yakavuma kama kifutu aliyekasirika.

Lawama iwaendee wanaleksikografia kabla ya wakulima. Fira, swila, koboko, kifutu: wauaji wana majina. Ukimtoa chatu, wasio na sumu wengi huachiwa neno "nyoka" basi. Mkulima atawatofautishaje? Wanafunzi wa Kiswahili wa Egerton, walio Njoro penyewe, wangeanza kwa kukusanya majina wayatumiayo Wakalenjin na Wagikuyu wa hapo, kabla ya kubuni istilahi yoyote.