Kiingereza cha kidato cha kwanza
Mwanafunzi wa Bunda, mkoani Mara, aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta kitabu cha biolojia ni Kiingereza kitupu. Wengi hukunja karatasi ya daftari katikati, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, wakakariri orodha. Neno likitokea ndani ya sentensi, linawatoka. Mwalimu Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, naye alitoka Butiama, mkoa huohuo, na Kizanaki chake, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Baadaye alitafsiri Shakespeare: Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Alikuwa msomaji hasa. Walimu wa Mara, wapeni watoto hadithi fupi za Kiingereza wazisome mpaka mwisho, kamusi ifuate.